Sumaku ya Marehemu

Umewahi kulala chali chini ya gari kuukuu, mjukuu wangu, ukalitazama tumbo? Hujawahi. Basi ngoja nikueleze kilichomo, ndipo utaelewa mambo ya siku ile baba yako alipomjia shangazi yako na jeki.

Katikati ya tumbo, nyuma ya gia boksi, kuna sanduku zito kama jiwe la kusagia. Mafundi huliita transfa. Nguvu ikitoka kwenye injini, transfa ndiyo huigawa: nyingine magurudumu ya nyuma, nyingine ya mbele. Bila hiyo, gari la kupanda milima hubaki kitanda cha kuku.

Gari la babu yako lilikuwa limekaa uani tangu tumzike. Injini ilikuwa imegoma, mengine yote mazima. Kuku walitaga kwenye kiti cha dereva. Shangazi yako, kitindamimba wangu, ndiye aliyerithi gereji ya baba yake. Kila jioni, akishamaliza magari ya watu, alilifuta vumbi lile gari, akafungua boneti, akaingiza mkono hapa na pale. Mimi ni mama, sihitaji kuambiwa. Alilitaka. Lakini hakusema, kwa sababu baba yako ndiye mkubwa, na mkubwa asipotamka, wadogo hungoja.

Baba yako akaja kutamka. Lori lake lilikuwa limelala mlimani, transfa imesagika, na mvua ziko njiani. Spea za magari ya zamani yale hazikai madukani. Hutafutwa kwenye mizoga.

"Mama, kama ya baba ni sawa na yangu, naifungua leo leo."

"Muulize fundi," nikamwambia.

Shangazi yako akatoka gerejini akipangusa mikono kwa tambara. "Karibu, kaka. Umekuja kutusalimia au umekuja kuchinja?"

"Vyote, fundi. Hata mchinjaji huanza na salamu."

Tukacheka. Yeye alicheka huku akilitazama gari.

Sasa, transfa huwa na kibati kilichogongwa jina lake. Cha ile kilikuwa kimeng'oka zamani. Kibati kikipotea, babu yako alikuwa akitazama kwanza propela ya mbele, ule mtaimbo unaozunguka kupeleka nguvu magurudumuni, inatokea upande gani, kulia au kushoto. Kisha alitaka kujua ndani kuna gia tupu au kuna mnyororo. Utajuaje bila kufungua? Alipima ganda. Kwa magari yale, za gia tupu zilivaa chuma cha kusubu, za mnyororo zilivaa alumini. Alikuwa na sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kamba. Kwenye chuma hunasa. Alumini haina habari nayo.

Baba yako akaichukua ile sumaku akajitosa chini. Shangazi yako akalala upande wa pili. Mimi nimekaa kwenye kreti, natoa maharage kwenye maganda.

"Propela iko kulia," baba yako akasema. "Kama yangu."

Akakwangua tope kwenye mkia wa transfa, kile kipande cha nyuma, akabandika sumaku. Ikateleza, ikamwangukia kifuani. Akarudia. Ikaanguka tena.

"Alumini," akasema, na sauti ikamwishia. "Hii ina mnyororo, yangu ni ya gia tupu. Si yenyewe."

Akatoka, akaanza kukusanya spana zake. Nikamtazama shangazi yako. Miguu tu ndiyo iliyoonekana, nayo haikutikisika. Nilijua, naye alijua: mkia ule ulikuwa wa kuazima. Wa asili ulipasukia mwambani, na babu yako akachukua wa alumini wa gari jingine, akauchonga mpaka ukakubali. Shangazi yako ndiye aliyemshikia taa. Sasa akinyamaza tu, gari linabaki. Na watu husema kunyamaza si uongo. Maharage yakanimwagika mapajani.

Baba yako akafunga mfuko.

"Kaka," sauti ikatoka chini ya gari. "Rudi. Huo mkia si wake. Pima huku mbele, kwenye mwili wenyewe."

Akarudi. Nikasikia: tak! Sumaku imerukia chuma.

Hapakuwa na shangwe. Wakabaki wamelala palepale, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakilala utotoni kwenye mkeka mmoja.

"Ndiyo yenyewe," baba yako akasema taratibu. "Sasa kwa nini umeniambia? Mimi nilikuwa naondoka."

"Sumaku ni ya baba. Ningeifanyaje iseme uongo?"

"Tangu nifike unaongea kama mtu aliyemeza mwiba. Mimi nimesema ninachotaka. Wewe unataka nini?"

Kuku akashuka kwenye kiti cha dereva, akapita mbele yangu anajitingisha. Nilitaka kumsemea, nikauma ulimi. Mtoto husemewa akiwa mdogo.

"Nalitaka gari la baba," akasema. "Zima, kaka, na transfa yake tumboni. Nataka niliamshe, nilipandishe mlima mimi mwenyewe."