Ndege za Mashariki

Baba yangu, Valerian, alisahau simu mezani alipotoka kwenda kumpokea mdogo wake kiwanja cha ndege. Nilimwita akiwa ngazini, akagoma kurudi. Aliyekwisha kutoka akirudi ndani hujitafutia mkosi, akasema, akaenda zake na suti yake ya sikukuu.

Baba mdogo Rodion alikuwa anatoka Khabarovsk, mashariki ya mbali. Hawakuwa wamesemezana tangu bibi, mama yao, afariki, kwa kuwa Rodion hakuja kumzika. Sasa alikuwa amejishusha, ameomba kuja. Nilijua kosa dogo tu lingewasha moto upya, na safari hii usingezimika.

Simu ya baba ikalia.

"Kaka, uko wapi?"

"Ni mimi, Taisia. Baba kaacha simu. Kwani wewe uko wapi, ba' mdogo?"

"Kiwanjani Sheremetyevo! Nimezunguka mpaka miguu imekufa ganzi. Kama hanitaki si angesema? Nageuza."

Mzee wangu huyu! Enzi za ujana wao Moscow iligawa mbingu kama mkate: ndege za kusini Vnukovo, za ng'ambo Sheremetyevo, za mashariki Domodedovo. Leo kila ndege hutua popote, majengo mapya yameota kila upande, na kichwa cha baba hakijahama.

"Usigeuze, nakuomba. Yuko Domodedovo."

Nikasikia kicheko.

"Kichwa maji yule! Bado yuko enzi zile?"

"Na hana simu. Nitampataje?"

"Hatabanduka pale. Namjua, atangoja mpaka wamfagie. Naenda mimi."

Ni kuvuka mji mzima, kaskazini hadi kusini. Nilikaanga vitunguu vikaungua, nikakaanga vingine, nikawalaani wote wawili.

Mwishowe simu yangu ikalia. Namba ya Rodion, sauti ya baba.

"Taisia." Alikuwa anavuta kamasi. "Nilikuwa nimesimama namtukana moyoni, kwamba hata leo hakuja. Mara mtu kanishika bega."

"Hajambo?"

"Kazeeka, maskini. Anasema siku ya mazishi alikwama kiwanjani kwao, theluji ilizuia ndege zote. Sikumwuliza, mwanangu. Miaka yote hii sikumwuliza."

"Basi mwulize yaliyobaki sasa, mpo njiani. Mje mle."

Nikaketi jikoni, nikashusha pumzi. Ndipo nikasikia njaa.