Jora Moja

Simu ilikuwa ikitetemeka juu ya meza ya kukatia, ikijisogeza kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na Kiraka aliitazama tu huku miguu yake ikiendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa anapunguza suruali ya mwalimu mmoja aliyekonda. Hospitali tena. Waache wapige. Tangu asubuhi alitakiwa awe kwenye kiti chao, sindano huku na huku, damu yake ikipita kwenye mashine na kuchujwa mbegu za uboho za kumwokoa kaka yake. Naye yuko hapa, anapiga pindo.

Wateja waliamini anaitwa Kiraka kwa sababu ya kazi, maana hakuna nguo iliyotoboka ikamshinda. Laiti wangejua! Jina hilo alipewa na huyo huyo kaka, wakiwa watoto, baada ya kaka kuwasikia watu wazima wakinong'ona kwamba mama yao aliwahi kugombana na baba, akaenda kwao, akarudi ana mimba. "Sisi ndio nguo," kaka alisema, "wewe kiraka." Tuseme ni utani wa watoto. Lakini baba alipofariki, kaka alisimama mbele ya waombolezaji, mama mwenyewe amekaa pale pale, akatangaza kwamba binti huyu si damu yetu, aende kwa baba yake. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu alimwambia, tena kwa sauti, na cherehani ikatupwa nje uzi ungali kwenye sindano.

Kufukuzwa alikumeza. Alichoshindwa kumeza ni uso wa mama, ulioinama siku ile na haukuinuka vizuri tena mpaka anazikwa.

Kisha saratani ikaingia kwenye damu ya kaka, ile damu ya kujivunia. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Daktari alisema anahitaji uboho, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, wa mtu anayelingana naye, na wa kwanza kupimwa ni ndugu. Ndugu alikuwa mmoja tu.

Kiraka alikubali kupimwa, na moyoni aliomba walingane. Si kwa huruma. Huwezi kumnyima mtu kitu usichokuwa nacho.

"Mmelingana kila alama," muuguzi alimwambia majibu yalipotoka. "Kila mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama. Nyie mmechukua nusu zile zile."

"Na kama baba si mmoja?"

Muuguzi alisita. "Mama, kipimo hiki si cha kutafuta baba. Ila watu wa baba tofauti kulingana hivi, mimi sijawahi kuona."

"Yaani jora moja."

"Jora ndiyo nini?"

"Kitambaa kinavyokuja dukani, kimeviringishwa. Ukikata vipande viwili hapo, hata vifuliwe mara ngapi, rangi itapauka sawasawa."

"Basi ndiyo. Jora moja." Muuguzi alitabasamu, kisha akakaza uso. "Sasa nisikilize. Kabla ya kupokea mbegu zako tutampa dawa za kuua uboho wake wote. Zikishaingia, hana pa kurudi. Zako zikiota, hata kundi lake la damu litabadilika liwe lako. Zisipokuja, anakufa. Una haki ya kukataa, ila kama una shaka, sema leo."

"Sina shaka," Kiraka alisema. Na kweli hakuwa nayo, kwa sababu muuguzi alikuwa amemkabidhi mkasi.

Alichomwa sindano kila siku ili mbegu zitoke mifupani ziingie kwenye damu. Kiuno kilimuuma hadi kukanyaga cherehani ikawa shida, na hakulalamika. Kaka naye akapewa dawa zake. Siku ikafika, na Kiraka akafungua duka kama kawaida.

Mlango ulisukumwa. Wifi yake, mke wa kaka, aliingia akihema, amevaa viatu visivyofanana.

"Wifi, twende! Wanakusubiri wewe tu."

"Nina suruali ya mtu hapa."

"Hata mate hawezi kumeza. Kama alikukosea, mimi nakuomba msamaha kwa niaba yake, ingawa sijui alikukosea nini."

Mguu wa Kiraka ulisimama. "Hujui?"

"Nilipoolewa ulikuwa umeshaondoka. Miaka yote anasema ulijitenga mwenyewe."

Hasira ikampanda hadi utosini. Kumbe alikuwa ameufuta msiba mzima, na mama pamoja nao! La, huyu hafi hivi hivi. Lazima kwanza aambiwe usoni. Kiraka akazima taa na kutoka, tepu ya kupimia ingali shingoni.

Hospitalini, kaka alikuwa peke yake nyuma ya kioo, kichwa hakina hata unywele, midomo imechanika. Alinyanyua simu ya ukutani kwa mikono miwili, naye Kiraka akashika ya upande wake.

"Kiraka," alisema. "Umekuja."

Hata leo! Hata akiwa mdomoni mwa kaburi! Kiraka aliona jinsi itakavyokuwa. Atakufa, atazikwa na ile damu yake, watu watalia na kusema alikuwa mtu mwema. Hapana. Kifo kingemfaa mno.

"Tumepimwa mimi na wewe," alisema. "Baba mmoja, mama mmoja. Mama hakukosa."

Kaka alifumba macho. Machozi yalimtoka. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Sikuja kwa hilo. Utaishi, unanisikia? Damu yako imekwisha. Itakayotembea humo ni yangu, yote. Ukijikata ukinyoa ndevu, nitatoka mimi. Utanibeba mpaka uzeeke. Sasa niambie, nani kiraka?"

Kaka aliegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Na mkeo huyu hapa. Mwambie ulisema nini juu ya mama, kwa maneno yale yale. Usipunguze hata moja."

Akamtia wifi simu mkononi, akageuka, akamwambia muuguzi, "Kiti kiko wapi?"

Kilikuwa chumba cha pili, ng'ambo ya ukumbi, mlango wazi. Walimlaza, wakamfunika shuka, wakamchoma mkono huu na huu. Mashine ilianza kuzunguka kwa mlio mmoja usiokatika. Kupitia mlangoni alimwona wifi bado amesimama kwenye kioo na viatu vyake vya namna mbili, simu sikioni, kiganja kimeziba mdomo.

"Tulia, mama," muuguzi alisema. "Mbona mguu unacheza?"

Kiraka alitazama. Chini ya shuka, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga.