Jiwe la Mpokea Mikuki

Miaka kumi na tisa Remla alikalia jiwe lile lile chini ya lango la mji wa Harar, kapu la sambusa mapajani, mgongo kwenye ukuta wa maamiri, watawala wa zamani wa mji. Siku moja akaja Binyam, ofisa wa mambo ya kale kutoka Addis Ababa, kalamu sikioni.

"Mama, tunalikarabati lango. Wauzaji wote watatoka. Vitabaki vitu vya historia tu."

Remla akalipapasa jiwe lake. Jiwe hilo ndilo lililomsomeshea wanawe. Mgeni akiingia na njaa yake, wa kwanza kumwona ni yeye.

"Yaani hulijui jiwe hili?" akauliza, macho makavu. "Na kusoma kote huko!"

"Lina nini?"

"Enzi za maamiri mgeni haingii mjini na mkuki. Anauacha langoni, akitoka anarudishiwa." Mpaka hapo hakuwa ameongopa. Kisha akatia chumvi. "Sasa nani alikuwa akiipokea mikuki? Mwanamke, amekaa hapa hapa."

"Mwanamke?"

"Wewe ungempa mwanamume mwenzio mkuki wako? Mngepigana mpaka jua lizame. Ila mama akikunyooshea mkono, unatoa, na shikamoo juu!"

Ng'ambo ya njia, Abdosh fundi cherehani aliinama, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Binyam alijaza kurasa mbili.

Baada ya wiki Remla alikuta jiwe limezungushiwa kamba nyekundu, na kibao: HAPA ALIKAA MPOKEA MIKUKI. Chini yake: USIKALIE.

"Hongera, dada!" Abdosh akapaza sauti. "Umejifukuza mwenyewe!"

Remla alikwenda nyumbani, akarudi amevaa gauni jeusi la hariri la marehemu bibi yake. Akairuka kamba, akaketi, kapu mapajani.

"Silaha!" akawaamrisha watalii waliokuwa wakiingia, mkono mbele.

Wakacheka, wakampa miavuli. Akawapa sambusa. Foleni ikafika barabarani.

Binyam akaja mbio. "Mama, kibao kinasema..."

"Kinasema hapa alikaa mpokea mikuki. Wa leo ni nani basi, wewe?"

Binyam akaitazama foleni.

"Na wewe toa silaha, mwanangu. Hiyo ya sikioni. Ndiyo iliyotaka kunitoa."

Akaichomoa, akampa kwa mikono miwili, kisha akaomba sambusa mbili za pilipili.

Binyam alipotoka mjini, Remla alimrudishia kalamu yake, kama desturi ya langoni inavyotaka. Ila ule mstari wa chini wa kibao, USIKALIE, ulikuwa umeshakatwa kwa kalamu hiyo hiyo.