Kiti cha Kupoa

Kila asubuhi, kabla ya hesabu, darasa langu la pili hupumua. Tunanusa ua ambalo halipo, tunapuliza chai ambayo haipo, halafu mwenye dukuduku anakwenda kukaa kwenye kiti cha bluu kando ya kabati. Anasema anajisikiaje, kwa nini, na anaomba nini. Wenzake husikiliza bila kucheka. Kucheka kwa pua nako kunahesabika.

Siku hiyo alikaa Mapengo, mwenye hasira kwa sababu ya kifutio chake kilichotafunwa. Kabla hajamtaja mtafunaji, mlango ukafunguka. Akaingia mwalimu mkuu msaidizi, ambaye watoto humwita Bibi Kengele kwa kuwa kengele ya shule hamwachii mtu mwingine kuipiga.

"Inuka, mwanangu," akamwambia Mapengo, akakinyanyua kiti, akanigeukia mimi. "Binti, hiki nakihitaji kwa wageni. Na kuanzia kesho, muda huu ni wa hesabu. Mambo ya kupuliza-puliza yaishe."

"Hakuna shida, mama," nikasema, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mlango ulipofungwa, darasa zima lilikuwa linanitazama.

"Mwalimu," akasema Kijiko, msichana mwembamba anayekoroga kila jambo, "kama hakuna shida, mbona umevunja chaki?"

Nikaangalia kiganja changu. Kilijaa vipande.

"Imevunjika yenyewe."

Darasa likaguna.

"Kaa kwenye kiti useme ukweli," akasema Mapengo.

"Kiti si kimeondoka?"

Mapengo akachukua ndoo ya taka, akamwaga maganda ya penseli sakafuni, akaigeuza juu chini. Nikakaa. Ningefanyaje? Sheria nimeitunga mwenyewe.

"Unajisikiaje?" Kijiko akauliza, amekunja mikono kama ninavyokunja mimi.

"Nimeudhika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kiti kimechukuliwa hata sijaulizwa. Na nyinyi mwanzo wa mwaka mlikuwa mnarushiana ngumi kwa ajili ya penseli. Sasa mnarushiana maneno, tena mazuri."

"Siyo yote," akasema Mapengo.

"Unaomba nini?" Kijiko akaendelea.

"Kiti kirudi, na muda wetu ubaki."

Kijiko akanishangaa. "Sasa unatuomba sisi? Sisi tuna kiti? Nenda kamwambie bibi."

Yeye anaposema bibi, hatanii. Ni mjukuu wa damu wa Bibi Kengele, wanaishi nyumba moja.

Mapumziko yalipofika nikajikokota hadi ofisini. Mimi ni mtu wa kupewa soda ya moto dukani nikashukuru. Chuoni nilipata alama nzuri katika somo la kuzungumza na watoto, lakini habari za kuzungumza na wakubwa hatukufika. Nilimkuta amekaa peke yake, na kiti cha bluu kimebeba mkoba wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sema."

"Nimeudhika," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Umefanyaje?"

"Nimeudhika, mama. Umechukua kiti mtoto akiwa katikati ya maneno yake. Naomba unirudishie, na muda wetu pia. Mtoto aliyejaa kilio hawezi kujumlisha. Njoo siku moja ukae nasi, uone."

Alivua miwani. Nikajua kimenuka.

"Unajua jana jioni mjukuu wangu kanifanyia nini?" akauliza. "Kamwaga maziwa, nikamfokea. Akanivutia kigoda cha jikoni, akaniambia, 'Kaa, bibi, upoe.' Mimi! Mbele ya mume wangu! Mzee akacheka mpaka akapaliwa."

Niliziba pua haraka.

"Ukakaa, mama?"

"Nikakaa. Akaniuliza najisikiaje." Akafuta miwani kwa upindo wa gauni, akaifuta tena. "Watoto wa shule hii wote wamepita mikononi mwangu, binti, lakini swali lile sikuwa na jibu lake. Nikamwambia akalale. Akaenda bila kuniaga."

"Pole, mama. Kwa hiyo hao wageni..."

"Hakuna wageni."

Akautoa mkoba, akakisukuma kiti upande wangu. Nje watoto walikuwa wanakimbizana na kupiga mayowe, naye akawatazama dirishani kana kwamba anamtafuta mmoja.

"Asubuhi nilikuja kwako na shida yangu," akasema. "Kufungua mlango, macho yote yale yakanigeukia. Nikaona haya, nikabeba kiti."

"Shida gani, mama?"

Alikohoa. Akapanga kalamu zilizokuwa zimepangika.

"Nifundishe na mimi," akasema. "Nataka leo nikifika nyumbani nimwambie yule mtoto kwamba jana nilikuwa nimechoka tu, na kwamba nampenda."