Saa Nne ya Nani

Nilifundisha jiografia Tabora kwa miaka kumi na minne, kwa hiyo mtu asinifundishe habari za hali ya hewa. Dhoruba ile niliifuatilia tangu Jumatano, ikiwa bado huko kwenye milima ya New Mexico. Alhamisi niliwaandikia watu wa kundi letu la simu, Waswahili wa Vickery, mtaa wetu hapa Dallas, kwamba inashuka Amarillo. Ijumaa nikawaambia imegeuka, inatujia sisi. Watu wa televisheni walikuwa bado wanasema labda. Mimi sikusema labda. Niliandika: "Barafu itafika Dallas kesho saa saba. Kila mtu awe ndani." Wakongo wa kundi wakanipigia makofi, "Merci, Professeur," nami, sitaficha, nikavimba kichwa.

Nilikuwa na sababu ya kuifuatilia. Mama mkwe wangu anaishi nasi hapa ghorofa ya pili, na figo zake zilikufa mwaka juzi. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi hupelekwa kituoni kusafishwa damu kwa mashine. Akikosa siku moja, maji yanaanza kumjaa mwilini. Akizidi kukosa, yanapanda mapafuni. Ijumaa kituo kilipiga simu. Kesho wanafunga mapema kwa sababu ya dhoruba, hivyo awe amefika kabla ya saa tano asubuhi. Baada ya hapo hawapokei mtu mpaka barabara zipitike.

Mke wangu Avelina ni muuguzi Fort Worth. Hospitali yao iliwaambia walale huko huko mpaka hali itulie, naye alikwenda na gari letu. Kijana wetu Rogers yuko chuoni Houston. Basi tukabaki wawili, mimi na mama mkwe, ambaye kwa adabu niliyolelewa nayo hata kikombe simpi mkononi. Nakiweka mezani, anakichukua mwenyewe.

Nikampigia Zéphyrin. Ni Mkongo wa Bukavu, anakaa Carrollton, anafanya kazi usiku ghalani, na ana gari la milango mipana ambalo mama hapati shida kulipanda.

"Barafu inaingia saa saba," nikamwambia. "Wewe njoo saa nne umchukue mama. Usinichelewe."

"Saa ine, Professeur. Nitakuwa pale."

"Saa nne," nikamsahihisha.

Akacheka, akasema saa nne, haya, na tukaagana.

Jumamosi saa nne asubuhi mama alikuwa ameshakaa karibu na mlango, koti mwilini, mkoba mapajani. Saa nne na robo nikapiga simu ya Zéphyrin, imezimwa. Saa nne na nusu, imezimwa. Nikaita magari ya kukodi kwenye simu. Kila dereva alikubali, akatazama mbingu, akanifuta. Gari la wagonjwa wa kituo lilikuwa limejaa tangu jana. Nikazunguka sebuleni nikisema kwa sauti kwamba Wakongo hawa saa kwao ni pambo la mkono. Saa tano ikafika, ikapita. Mama akafungua vifungo vya koti kimoja kimoja lakini hakulivua.

Saa sita na nusu Zéphyrin akapiga. Niliweka simu kwa sauti kubwa ili mama naye asikie jinsi ninavyomkomesha.

"Papa, umeniita mara kumi na saba, kuko nini?"

"Kuko nini? Wewe uko wapi?"

"Mi nilikuwa nalala. Si ulisema saa ine? Sasa ni midi na nusu tu, ingali mapema. Na barafu ulisema saa saba ya jioni."

Sikusema jioni. Sikusema asubuhi wala mchana, kwa sababu sikuona haja. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, Mkongo anahesabu kama Mfaransa. Saa nne yake ni saa kumi yangu, alasiri, na saa saba yake ni saa moja yangu ya jioni. Hesabu yake ilikaa sawasawa kama yangu, saa tatu kabla ya barafu, ila ya kwake ilikuwa upande wa pili wa siku. Na mimi nilimsahihisha matamshi.

"Nakuja sasa hivi," akasema Zéphyrin. "Dakika makumi mbili na tano. Tutamupeleka hospitali kubwa, kule urgences, kwa wagonjwa wa haraka, hawafungake."

Hapo mtu mwenye akili angesema njoo. Mimi nilikuwa nimeaibika mbele ya mkwe, na aibu yangu mimi hutoka kama hasira. "Usije!" nikafoka. "Endelea kulala! Lugha yenyewe hamuijui, mtaijua saa?" Nikakata.

Mama akanitazama. "Baba Rogers, Kigoma nimewauzia Wakongo mawese miaka thelathini. Ukipatana nao unauliza, saa ya kwetu au ya kwenu? Kisha unaonyesha jua litakapokuwa."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza. Mpigie kijana wa watu, aje."

Nikasema nitampigia. Nikasema ngoja kwanza nitazame ramani. Niliitazama ramani nusu saa nzima, nikitafuta maneno ya kuomba radhi yasiyonidhalilisha, na saa saba na dakika tano mvua ya barafu ikaanza kugonga dirisha. Nilikuwa nimekosea kwa dakika tano tu. Nilipompigia Zéphyrin alikuwa ameshajaribu kutoka. Kwao Carrollton barafu ilitangulia, na gari lilikuwa limeteleza likapanda ukingo wa barabara mbele ya nyumba yake. "Haina neno, Professeur," akasema. "Tuko wazima."

Jioni umeme ukakatika. Ngazi za nje, za chuma, zilikuwa zimepakwa kioo, na jirani mmoja aliyezijaribu alirudi kwa magoti. Nikamfunika mama kila blanketi lililokuwemo, pazia la sebuleni juu yake. Kiu ilimtesa kuliko baridi, na maji ndiyo aliyokatazwa. Nilimpimia kwa kifuniko cha chupa. Aliniomba kimoja zaidi kwa sauti ya chini, yeye aliyezoea kutoniomba kitu, nami nikakataa, kisha nikaenda bafuni nikalia huku nimeuma taulo.

Jumapili miguu ilivimba, ukiibonyeza kidole kinazama. Nikaisugua kwa mikono yangu, na habari ya adabu hakuna aliyeikumbuka. Akawa halali, anakaa tu, kwa kuwa akilala anazama. Kwenye kundi walikuwa wananiuliza, Professeur, itaisha lini? Sikuwajibu. Chaji iliyobaki niliitunza kwa ajili ya gari la wagonjwa, ambalo kila nikipiga waliniambia wanakuja, barabara tu.

Walifika Jumatatu asubuhi, vijana wawili, magurudumu ya gari lao yamefungwa minyororo. Wakamvika mama hewa puani. Mmoja akatoa karatasi yake, akaniuliza kwa Kiingereza mara ya mwisho kusafishwa damu ilikuwa lini. Alhamisi, nikasema. Akainua uso.

"Kwa nini hakwenda Jumamosi?"

Nikafungua mdomo. Mama akanishika mkono.

"Anauliza nini?"

"Anauliza kwa nini Jumamosi hukwenda."

Akavuta pumzi mbili tatu kabla ya kupata ya kusemea. "Mwambie nilikataa. Mwambie mimi ni kizee, niliogopa baridi."

"Mama, hapana, hiyo si—"

"Avelina ataisoma karatasi hiyo. Kazi yake ni kusoma karatasi hizo." Mkono wake ulikuwa wa baridi sana. "Tafsiri, mwalimu."

Nikatafsiri. Sikuacha neno, na Kiingereza changu kilikuwa safi. Yule kijana akaandika kwamba mgonjwa alikataa, akatikisa kichwa, kisha akainama mbele ya mama akamnyooshea kidole, akamsemesha polepole kama mtoto aliyechezea moto: safari ijayo usikatae, umesikia, ungekufa.

Mama hakuelewa maneno, lakini kidole alikielewa. Akainamisha kichwa, akamjibu kwa neno lake moja la Kiingereza.

"Sori," akasema.