Kisutu Juu ya Barafu

…na mafuta ya maandazi nayo yamegoma kupata moto, na Apolonia kwenye spika ya simu hachoki, "Halo, Bi Kidawa, Zuwena keshavishwa kisutu?", na Kidawa kaikodolea macho picha aliyotumiwa na bintiye sasa hivi, kisutu si hicho hapo, kisutu chake mwenyewe, kanga nyekundu ya biharusi, alichovalishwa Tanga siku ya ndoa yake, kimefungwa kwenye mlingoti juu ya mlima wa barafu, kinapepea kama nguo ya mwendawazimu, huko kisiwani mwisho wa dunia ambako hata kunguru kashindwa kuishi, eti Zuwena na wenzake wanapima milima, milima ilimwomba nani aipime, wasichana wenzake hapa Stafford ugenini wanapima magauni ya harusi, yeye… na kosa la nani, si lake Kidawa, aliyekichomeka kisutu begini kwa siri, labda mtoto akikiona atakumbuka kuolewa, halafu domo lake hili lisilo kufuli likamtangazia Apolonia na akina mama wenzake kuwa Zuwena kaenda kutambulishwa kwa wakwe, sasa sare zimeshashonwa, zambarau, Apolonia ndani yake biringanya tupu… "Halo? Au wakwe wamegoma?"… wagome wapi, barafu ina wakwe?… na ile sauti iliyokuja na picha, Zuwena akitetemeka, na si baridi ile, mama hakijui kilio cha mwanawe?, "Mama, please usikasirike, bendera zetu za kupimia zilichanika kwa upepo, ndiyo nikafunga kisutu, halafu ukungu ukashuka, mimi na Erick mwenzangu hatuoni hata miguu yetu, tukazunguka weee, mpaka nikaona wekundu, Mama, wekundu tu, tukaufuata mpaka tukaipata njia ya kuteremkia, bila hicho…" hapo akakatisha, akapenga kamasi… wekundu ule, Kidawa alitokwa jasho ndani yake siku nzima, bwana mwenyewe hata kitanda hakijamzoea akakimbilia Muheza kuoa mwingine, kisutu hakikumrudisha, miaka yote kimelala sandukuni hakijamrudisha mtu, leo… "Bi Kidawa, we! Bwana mwenyewe yukoje?"… mafuta bado baridi, andazi bichi mkononi… bwana yukoje, haya, mrefu, atamwambia, mrefu mpaka mawinguni, kichwa cheupe pee, hana mama wala wifi, na binti yangu keshamwacha, shoga, kateremka na kisutu chake, mzima.