Pete Mbili na Kiputo

"Hicho chako ni kipande cha chupa, shoga!" mshonaji alisema, amesimama mlangoni kwake, sindano na uzi vimechomekwa kwenye kola. "Lete nyundo tuone kipi kitapasuka."

"Nyundo jigonge nayo mwenyewe," mjane wa mlango wa pili alimjibu. "Mimi ndiye niliyeolewa."

Pete zilikuwa mbili, zimefanana kama mapacha, kila moja na jiwe jekundu, na aliyezitoa ni mmoja: marehemu mume wa mjane. Yakuti ya kweli alinunua moja tu. Hilo alilisema mwenyewe akiwa anakata roho, kisha akafa kabla ya kusema kampa nani. Mjane alitaka kulijua kwanza, ndipo aendelee kulia. Ngazi zilijaa watu, na kila mtu alikuwa na lake la kuongeza.

Mpima vito wa ghorofa ya chini akapandisha vyombo vyake, maana kwa kelele zile kazi haifanyiki. Nyundo, iliyokwisha kuletwa, akaikalia. "Jiwe halipigwi wala halikwaruzwi," alisema. "Linamulikwa tu."

Alianza na la mshonaji. Kwenye hadubini lilionekana lina nyuzi nyembamba ndani, zimepishana kama nywele kwenye kitana. Mshonaji akanywea, akidhani ni kasoro.

"Hapana, dada. Kilichotoka ardhini hakikosi uchafu wake. Hili ni la kweli."

La mjane lilikuwa safi, isipokuwa kiputo kimoja cha hewa. "Kioo," alisema, akasogeza taa. Ndani ya kiputo alikuwemo marehemu, amekaa kwenye kiti, kavaa fulana yake ya nyumbani, anapumua.

Watu wakapokezana kuchungulia. Mmoja alisema amenenepa kidogo tangu azikwe.

"Na yeye ni bandia?" mjane aliuliza.

Mpima vito akapima tena, akajikuna kisogo. "Kioo ni bandia. Mtu ni halisi. Zaidi ya hapo, mama, hata mimi kimenichanganya."

"Basi muulize kwa nini alinivisha kioo."

"Chombo hiki hakiulizi. Kinaangalia tu."

Mshonaji alikuwa ameshavua pete yake. "Tubadilishane, shoga."

"Yakuti kwa chupa?"

"Lete tu."

Mjane akafumba kiganja. Hakujua kama ameshinda au ameshindwa, na katika umati wote ule, wenye midomo ya kila aina, hakupatikana wa kumwambia. Aliingia ndani, akaiweka pete kwenye meza iliyokwisha kuandaliwa chakula, akaazima lenzi ya mpima vito, akachungulia. Kila alipoigeuza, marehemu naye alijipindua, akauelekea mlango, pale aliposimama mshonaji.

"Ingia ule," mjane alisema. "Huyu shingo itamkatika kwa kukutazama huko nje."